Aliyebaki Ukingoni mwa Picha

Mkasi aliipokea kazi ile akicheka. Baadaye, kila alipokumbuka, hicho ndicho kilichomuuma zaidi: kwamba alicheka.

Mtayarishaji wa filamu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuhariria, jasho likimchuruzika, uso umejaa furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume baada ya mabinti sita.

"Filamu yetu imepata wenyewe, dada yangu! Wale jamaa wanaoonyesha filamu kwenye simu wameitaka. Ila wanaitaka isimame."

"Isimame vipi? Kwani ina miguu?"

"Wima! Watu siku hizi wanatazama picha wameshika simu hivi, kama kioo cha kujipakia wanja. Picha yetu imelala. Wao wanataka iliyosimama."

Hapo ndipo Mkasi alipocheka. Filamu ile ilikuwa imepigwa kwa fremu pana, pana kupita kawaida, upana wake zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Huwezi kuichukua picha ya namna hiyo ukaibana ikasimama. Watu watakonda kama vijiti vya kiberiti. Dawa ni kukata. Katika kila picha unachagua kipande kimoja chembamba, kama robo tu, unakibakisha, na kilichosalia unakitupa. Kama watu watatu wamekaa pamoja, mmoja anabaki na wawili wanakwenda na maji.

"Shingo atanichinja," alisema.

"Shingo ni mume wako mtarajiwa. Mtachinjana wenyewe huko nyumbani." Mtayarishaji akamkonyeza. "Nifanyie wiki hii, tafadhali. Ukishaolewa hutashikika tena."

Jina la Mkasi alipewa kazini, kwa sababu alikuwa fundi wa kukata filamu na mkono wake haukuwa na huruma. Shingo naye ndiye aliyekuwa mpiga picha. Walimwita hivyo kwa vile hakuwahi kutazama kitu bila kuinamisha shingo upande kwanza, hata sahani ya chakula. Walikuwa wamejuana kwa ugomvi: yeye aliingia katika chumba hiki hiki akifoka kwamba Mkasi amemkatia picha yake nzuri kuliko zote, na Mkasi akamjibu bila kugeuka, "Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ndefu, kama hotuba yako." Shingo alikaa kwenye kiti cha pembeni akanyamaza, na hakuondoka mpaka jioni. Tangu siku hiyo kiti kile kikawa chake.

Kumpata hakukuwa rahisi. Mama yake Mkasi, muuguzi mstaafu aliyezoea kutoa amri wodini, alimkataa Shingo waziwazi. "Mtu wa kuzunguka na kamera begani? Leo yuko hapa, kesho yuko nchi ya watu. Utaolewa na begi lake." Mkasi alilia, akasusa, akarudi kulia tena. Mwishowe Mama alilegea. Posa ikapokelewa, kadi zikagawiwa, na gauni likaanza kushonwa na mikono ya nyumbani.

Mikono hiyo ilikuwa ya Chiriku, mdogo wake.

Chiriku aliitwa hivyo tangu utotoni kwa kupenda kwake kuongea. Angeweza kuongea na jiwe na jiwe likaomba ruhusa ya kwenda kupumzika. Aliolewa mapema, na mumewe akafariki wakiwa hata hawajamaliza kuzoeana. Alirudi nyumbani na cherehani yake, jina likabaki lakini maneno yakaisha. Mkasi ndiye aliyempatia kazi ya kushona mavazi ya filamu hii, ili atoke nje kidogo, aone watu. Siku moja yule mwigizaji aliyepangiwa nafasi ya mshonaji wa nyumba hakutokea, na mwongozaji akamwomba Chiriku akae dirishani kwa muda tu, ashone kama anavyoshona siku zote. Muda tu ukawa filamu nzima. Hakupewa hata neno moja la kusema.

*

Kazi ilianza vizuri, kisha ikakwama katika picha ya mezani.

Ilikuwa picha muhimu kuliko zote. Mume na mke wamekaa kula. Mume yuko upande wa kushoto, mke karibu na katikati, na kulia kabisa, ukingoni, kupitia mlango ulioachwa wazi, anaonekana mshonaji amekaa dirishani, kitambaa mapajani. Mke anasema anataka kuondoka. Mume haamini masikio yake. Mshonaji anashona.

Mkasi aliweka kipande chake chembamba juu ya uso wa mke, kwa sababu ndiye mwenye maneno mazito. Akacheza picha. Akakunja uso. Nusu ya uso wa yule mwigizaji ilikuwa gizani. Hakuwa mbaya, lakini alionekana kama mtu aliyesahauliwa chumbani.

"Shingo, ulilewa?" alisema peke yake.

Akakisogeza kipande kwa mume. Huko kulikuwa afadhali ya jana: bega, kikombe, ukuta mtupu. Basi kwa mzaha tu, kama mtu anayefungua droo asiyoitaka, akakisogeza mpaka ukingo wa kulia.

Picha ikawaka.

Mwanga wote ulikuwa kule. Ulikuwa juu ya shavu la Chiriku, juu ya vidole vyake, juu ya uzi wenyewe, mwembamba kama unywele, ukionekana wazi unapoingia kwenye tundu la sindano. Hata pazia nyuma yake lilikuwa limefungwa mahali ambapo lingeacha jua limguse shingoni na lisimuumize macho. Kitu kama hicho hakijitokezi chenyewe. Mtu amesimama pale, ameinamisha shingo, amesogeza taa, amerudi nyuma, amesogeza tena.

Huenda ni bahati, Mkasi alijiambia. Akaruka mpaka picha nyingine. Mume anatoka chumbani kwa hasira, na kamera inamfuata polepole kuelekea ukumbini. Lakini sasa, akiitazama kwa kipande chembamba, aliona kwamba kamera haikumfuata. Kamera ilitangulia. Ilifika ukumbini kabla ya mume, pale Chiriku alipokuwa akikunja shuka, na ikamngoja mume afike kama mtu anayengoja mgeni asiye na hamu naye.

Akafungua nyingine. Na nyingine.

Filamu hii alikuwa ameitazama mpaka anaijua kwa kupumua kwake. Vipi hakuona? Alielewa akiwa amekaa palepale. Katika fremu pana kila mtu alikuwemo. Jicho lako lilitembea, likapita kwa mume, likapita kwa mke, likamgusa mshonaji, likaridhika. Uliona nyumba nzuri yenye watu watatu. Hakuna aliyekulazimisha kuchagua. Ukishabanwa, ukaambiwa mmoja tu ndiye anaweza kubaki, ndipo unapojua mwenye picha alikuwa anamtazama nani. Na kila picha ilimjibu jibu lilelile.

Akatafuta mabaki, vile vipande ambavyo huwa havitumiki. Mwongozaji alisikika akipaza sauti, "Kata!" Waigizaji wakanyanyuka, wakacheka, mtu akapita na ngazi. Kamera ilipaswa kuzimwa. Haikuzimwa. Ilijongea kulia, taratibu, kwa aibu, mpaka Chiriku akawa katikati. Alikuwa amejichoma sindano, anajipulizia kidole. Kisha akatabasamu, kwa ajili yake mwenyewe tu, kama alivyokuwa akitabasamu zamani kabla ya msiba. Na karibu sana na kinasa sauti, Mkasi alisikia pumzi ya mwanamume. Aliifahamu pumzi ile. Ilivutwa, ikakaa, ikakawia kutoka.

Ukutani juu ya mashine kulikuwa na picha yake mwenyewe aliyopigwa na Shingo siku ya posa. Aliinua macho akaitazama. Alikuwa katikati kabisa. Mwanga sawa kushoto na kulia. Hapakuwa na kosa lolote, kama picha ya kitambulisho.

Halafu mkono wake ukaanza kufanya kazi bila yeye kuutuma. Ulikishika kipande, ukakisogeza kushoto, na Chiriku akatoweka. Picha iliyofuata, akatoweka. Iliyofuata, akatoweka. Ilikuwa rahisi mno. Angeweza kumaliza kazi, akaipeleka, akaolewa, akazaa watoto wenye shingo za upande. Shingo hakuwa amefanya neno. Huenda hata mwenyewe hakujua. Nani angemlaumu mke kwa kutoona kisichoonekana?

Moyo wake ulimwambia, nyamaza. Akili yake nayo ilikuwa imeshaona, na akili ya mhariri haijui kusahau picha.

*

Shingo alikuja alasiri, amebeba chupa ya chai na mkate, begi begani, vumbi la safari bado liko viatuni. Alikuwa ametoka kupiga picha mji wa mbali na kabla hajapita kwake alipita hapa. Alimbusu Mkasi kwenye paji la uso.

"Mbona umejifungia kama mwizi? Umekula?"

"Bado. Keti. Nataka ushauri wako wa kazi."

"Ahaa! Leo Mkasi anataka ushauri. Ngoja niandike tarehe." Akakaa kwenye kiti chake, akamimina chai. "Nimesikia habari za kusimamisha filamu. Nimekasirika njia nzima. Sasa nimechoka kukasirika. Nionyeshe jinsi mlivyoniua."

Mkasi akacheza picha ya mezani. Kwenye kioo alibaki mke peke yake, wima, mwembamba. Alisema maneno yake, akanyamaza, akafuta macho.

"Unaonaje?" Mkasi aliuliza.

"Aa. Imekufa." Shingo aliinamisha shingo kushoto, akainamisha kulia. "Imekufa kabisa, mpenzi. Haina roho. Huwezi kuikata hapo."

"Kwa nini? Nani amekosekana?"

"Si ni Chiriku," alijibu papo hapo, bila kufikiri, kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni. "Umemtoa Chiriku."

Mkasi alingoja. Alimpa nafasi aongeze. Alimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba aongeze.

Shingo alikunywa chai.

"Na mume?" Mkasi alisema taratibu. "Mume wa filamu, mwenye jina lake kubwa kwenye bango. Yeye pia nimemkata. Hukugundua."

Kikombe kilisimama. Uso wa Shingo ulibadilika kidogo kidogo, kama uso wa mtu anayesikia habari kwa simu mbele za watu.

"Nimesema tu aliyenijia kwanza."

"Ndiyo. Ndiye aliyekujia kwanza."

"Mkasi..."

"Usiseme bado. Tazama."

Alimwonyesha zote. Taa, pazia, kamera iliyotangulia ukumbini. Hakupaza sauti, hakumtukana; alimwelekeza kama fundi anayemwelekeza fundi mwenzake. Walipofika kwenye kile kipande cha mwisho, kidole na tabasamu na pumzi, Shingo alifunika uso kwa viganja.

"Zima," alisema.

"Hiyo ni pumzi yako."

"Zima, nakuomba."

Akazima. Chumba kikawa na giza la mapazia mazito na harufu ya chai inayopoa.

"Sijawahi kumwambia neno," Shingo alisema ndani ya viganja vyake. "Naapa. Wala kumgusa. Wala salamu ya kupita kiasi."

"Najua. Ungemwambia ingekuwa nafuu. Ningekuchukia, ningelia, ningepona."

"Sikujua, Mkasi. Kweli tena. Nilijua nafanya kazi nzuri. Nilikuwa naamka asubuhi nina hamu ya kazi, nikadhani ni kwa sababu wewe ndiye utakayeihariri."

Neno hilo lilimchoma mahali asipopatarajia, kwa sababu aliliamini. Alimtazama mwanamume huyu aliyempenda: mikono mikubwa yenye makovu ya taa za moto, ile shingo ndefu yenye mshipa mmoja uliokuwa ukimpanda kila alipoona aibu. Alitamani kuweka kidole juu ya ule mshipa. Alitamani kusahau. Kama kungekuwa na kitufe cha kusahau, angekibonyeza na kuvunja kibodi.

Shingo aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Sikiliza. Nilikuahidi, na mimi si mtu wa kigeugeu. Tutaoana. Nitahama, sitapiga picha nyumbani kwenu, sitamwona tena. Hizi ni taa na pazia tu. Nitasahau."

"Unaniambia utajitahidi."

"Ndiyo! Nitajitahidi kwa nguvu zangu zote."

"Sikiliza ulivyosema." Mkasi alimgeuzia kiti. "Mimi nimekupenda bila kujitahidi hata siku moja, Shingo. Nimekupenda hata ulipokuwa unanichosha. Sasa wewe uniamkie kila siku kama mtu anayekwenda zamu? Nikuangalie mezani najua kwamba umejibana, umejikata, umebakiza robo yako kwa ajili yangu?"

"Unanipenda na unanifukuza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unataka nimwendee? Niende kwa mdogo wako?"

"Ukithubutu kumwendea sasa hivi nitakuvunjia hizo taa kichwani," Mkasi alisema, na wote wawili karibu wacheke, na kule kukaribia kucheka ndiko kulikowavunja. Shingo alilia kwanza. Mkasi alimfuata. Walilia kila mmoja kwenye kiti chake, hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake.

Baada ya muda Shingo alisimama, akavaa begi. Mlangoni aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimtazama bila kuinamisha shingo.

"Mama yako nimwambie nini?"

"Mama niachie mimi. Wewe alikukataa zamani, hutapata taabu mpya."

"Nisamehe, Mkasi."

"Nenda. Nisije nikakwambia ubaki."

Mlango ulifungwa. Nyayo zake zilisikika zikishuka ngazi, zikasita chini, kisha zikaendelea.

Mkasi alijipangusa uso kwa kitambaa cha kufutia vioo, akarudi kwenye mashine, kwa sababu kazi ilikuwa bado na mwenye kazi alikuwa anangoja. Akafungua picha ya mezani. Aliwaacha mume na mke nje kabisa. Akakiweka kipande juu ya dirisha.

Ikawa filamu nyingine. Wale wawili hawakuonekana tena. Zilisikika sauti zao tu, zikigombana mahali pasipoonekana, na kwenye kioo alikuwepo mwanamke mmoja anayeshona, anayesikiliza nyumba ya watu ikivunjika, asiyeweza kusema lolote. Kila neno la mke lilipita usoni mwake. Watu wa simu wangeiona hii na wangedhani hadithi ilikuwa yake tangu mwanzo.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Aliimaliza kesho yake, akaipeleka bila maelezo. Mtayarishaji alimpigia simu akiwa hoi. "Dada, umemtoa nyota wangu! Lakini mbona nimelia?"

"Lia tu," Mkasi alimjibu. "Leo ni siku yake."

*

Nyumbani alikuta gauni limetandazwa sebuleni. Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima upindo. Mama alikuwa kwenye kochi, miwani puani, akitoa amri.

"Afadhali umefika. Panda juu ya kigoda ulivae, mdogo wako amalize pindo. Na mbona macho yamevimba hivyo? Njoo nikuone."

"Mama, harusi haipo."

Mama alivua miwani. "Haipo wapi?"

"Haipo. Nimeachana na Shingo."

Pini moja ilidondoka kutoka mdomoni mwa Chiriku.

"Wewe!" Mama alisimama. "Wewe mtoto unanicheza shere? Nilimkataa, ukalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Nimemkubali, kadi zimetoka, watu wameshashona nguo, leo unamkataa wewe? Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Hana mwanamke nje, Mama."

"Basi ana nini? Mgonjwa? Sema, mimi nimeuguza watu miaka na miaka, hakuna ugonjwa utakaonishtua."

Mkasi hakumtazama Chiriku. Alijizuia kwa nguvu asimtazame, maana jicho moja tu lingetosha kumfanya Mama aelewe yote, na yakishaeleweka hayangerudi tena kwenye chupa.

"Ni mimi," alisema. "Nimegundua hatufai. Kosa ni langu, waambie watu hivyo."

"Kosa lako!" Mama alipiga viganja. "Nitawaambia nini shangazi zako? Kwamba mwanangu ameamka asubuhi akaona hafai? Sura yangu nitaiweka wapi?" Alianza kutembea huku na huko, akihesabu watu wa kuwapigia simu, akisahau majina, akianza upya. Kisha alisimama ghafla mbele ya binti yake. Akamshika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, kama alivyowashika maelfu ya watu wodini. Akahesabu mapigo. Hasira ikamtoka usoni polepole.

"Umeumia," alisema kwa sauti nyingine kabisa.

"Ndiyo, Mama."

"Umeumia sana."

"Ndiyo."

Mama akamkumbatia, akamwegemeza kifuani, akambembeleza bila kuuliza tena. Juu ya bega la Mama, Mkasi aliona sakafu tupu pale Chiriku alipokuwa amepiga magoti.

Alimkuta chumbani kwao, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hana kitambaa wala sindano. Jua la jioni lilikuwa linapungua. Mkasi alivua viatu, akajilaza upande wa ukutani akiwa amempa mgongo.

"Dada," Chiriku aliita.

Mkasi alitazama ukuta.

"Dada, nilijua." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa shuka. "Mtu akitazamwa anajua, hata kama hajageuka. Ndiyo maana zile siku za mwisho nilisema nina homa nisiende tena. Sikuwa na homa. Sikutaka... Wallahi Dada, sikumwangalia. Nilikuwa nashona tu."

"Najua. Nimekuona ukishona."

"Nitaondoka. Nitakwenda kwa Shangazi. Mrudiane."

"Hatuwezi kurudiana. Usiondoke kwa ajili ya hilo."

Nje mtu alikuwa anaburuta geti, chuma kikilalamika juu ya saruji.

"Chiriku," Mkasi alisema, bado akitazama ukuta. "Na wewe je? Wewe unampenda?"

Alingoja. Alisikia pumzi ya mdogo wake ikivutwa, ikakaa, ikakawia kutoka. Na akajua, na akafumba macho, kwa sababu hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili.

"Usiniulize hilo, Dada," Chiriku alisema mwishowe. Alikuwa analia. "Nilikuwa nimekufa mimi. Hakuna aliyenitazama tangu nimzike mume wangu. Mlikuwa mnanihurumia tu. Usiniulize hilo, nakuomba."

Mkasi alijigeuza. Alimwona mdogo wake karibu, mzima, kuanzia utosi hadi miguu, mwanamke mchanga aliyejikunja kama anayengoja kofi. Mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Aliyelala naye kitanda hiki hiki usiku ule wa mazishi.

"Unanichukia?" Chiriku aliuliza.

Mkasi alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Leo, ndiyo," alisema.

Kisha akasogea ukutani, akainua shuka, akampisha.

"Njoo ulale."